Famau Apanda Kahawa Amu

Amu, 12 Februari 2023

Kwa mdogo wangu Mwanamkisi, uliye yuu ya milima ya Kisii kwenye ukungu,

Salamu nazitanguliza, zikufikie kabla ya karatasi, maana karatasi hupanda basi na ndia ni ndefu. Sisi hatujambo. Wifi yako Umulkheir hajambo, amenona, yuwakusalimu na yuwauliza kama huko kwapatikana samli ya kweli. Paa la chumba cha yuu lilivuja, nikalitengeza mwenyewe na umri huu wangu, watu wakasimama ndiani wakitazama. Jirani wote hawajambo ila waliokufa.

Barua yako niliisoma mwenyewe. Nakwambia ujue, sikumpa mtu anisomee. Nilikwenda masomo ya watu wazima nimepita miaka sitini, na mwalimu alisema mkono wangu ni wa fundi. Habari za simu sitaki. Kwenye simu wewe hunikata maneno, karatasini huwezi.

Sasa. Jeilani mumeo amekufa, Mungu amrehemu, eda umemaliza kitambo, watoto hamkujaaliwa, wakaa peke yako na paka. Nakwambia rudi nyumbani ulikozaliwa, chumba chako kipo. Wewe wajibu nini? Eti mibuni ya kahawa. Eti iko nyuma ya jiko, mliipanda wewe na Jeilani, majani mabichi mwaka mzima na matunda mekundu, na asubuhi ukikosa kuiona siku haianzi, na mbuni kwa Amu hauoti. Mwanamkisi! Mji huu nusu yake nimeupiga lipu mimi. Minara imepasuka nikaiponya. Kijiti cha kahawa ndicho kitakachonishinda?

Nitumie miche. Nitaipanda kiwandani mwetu, pale katikati ya nyumba palipo wazi yuu, kuta ndefu pande zote, kivuli tele, unyevu tele. Ikizaa, warudi Amu. Isipozaa, sikutaji tena habari ya kurudi mpaka naingia kaburini. Nimeapa mbele ya Umulkheir. Amecheka, lakini kiapo kimekwisha kutoka.

Ni mimi kaka yako, Famau, fundi.


Kisii, 20 Machi 2023

Kaka Famau,

Mwezi mtukufu unabisha mlango, Mungu atufikishe sote. Huku mvua imeanza na haijui kunyamaza. Paka amezaa ndani ya koti la marehemu, nami sikuwa na moyo wa kumfukuza. Mwambie wifi Umulkheir samli ipo, ila si ya kwetu, hainuki kitu.

Nimekubali. Nimekubali kwa sababu najua utashindwa, na nikishapata ukimya wako nitalala vizuri.

Miche mitatu inakuja kwa basi mpaka Mombasa, na basi jingine mpaka Mokowe, penye boti za kuvukia Amu. Imefika kiunoni, si vitoto. Hesbon, jirani yangu mwenye shamba la kahawa, ndiye aliyeing'oa pamoja na udongo wake akaifunga kwa magunia. Anasema hivi: mbuni ni mti wa chini ya miti mingine. Jua kali haulitaki. Unataka udongo wenye majani yaliyooza, wenye unyevu usiotuama, na uwe mchachu. Udongo wetu huku ni mwekundu na mchachu wenyewe, hatuufanyi kitu. Wenu sijui.

Sikiza sharti langu. Usiniite kwa punje moja. Nataka finjani moja kamili, ya kahawa iliyozaliwa ndani ya nyumba ile, na mimi ndiye nitakayeinywa. Na usinidanganye, Kaka. Nakujua.

Mdogo wako, Mwanamkisi


Amu, 14 Mei 2023

Mwanamkisi, mwenye mashaka,

Idi ilikuwa njema. Tulikula mpaka tukaona haya. Umulkheir ameshona nguo mpya na goti lake limepona kwa mafuta ya nyonyo, Alhamdulillahi.

Uketi kabla hujasoma mbele. Nimeijengea miche yako kasri. Nimefanya tuta la mawe ya matumbawe, nikalipiga lipu ya chokaa safi, laini, ukipitisha kidole wadhani ni yai. Tini yake nimetia kokoto za matumbawe mai yasituame, kama alivyosema huyo Hesbon wako. Kwa ajili ya Idi nimepaka chokaa kiwanda kizima, na mashina ya miche nimeyapaka pia mpaka magotini, siafu wasipande. Mai nayateka mimi, ya kisima chetu, kila alfajiri.

Na matokeo haya. Majani yameingia rangi ya dhahabu! Dhahabu, na mishipa kijani, kama kofia ya kutarizi. Sijaona mti wenye pambo kama huu. Yote miwili. Nakutia jani moya ndani ya barua ulitazame kwa mato yako, umwoneshe na Hesbon asome.

Nimemwambia Ridhwani, yule muuza kahawa wa bandarini, atafute kazi nyingine.

Famau


Kisii, 25 Juni 2023

Kaka Famau,

Nashukuru mmemaliza Idi kwa afya. Huku sijambo. Watoto wa paka nimewagawa wote, nimebaki na mmoja mwenye sikio bovu.

Jani nimeliona. Hesbon nimemwonesha. Alilishika, akaligeuza, akaniuliza: "Huyu kaka yako amepanda kahawa ndani ya ukuta?" Nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye mashina yaliyopakwa chokaa, aliketi kwenye ndoo akacheka mpaka ndoo ikapinduka.

Si dhahabu, Kaka. Ni njaa. Mbuni ukiwa kwenye chokaa hufungwa mdomo. Chakula kipo, lakini hauwezi kukila. Matumbawe ni chokaa. Lipu ni chokaa. Kisima chetu kimechimbwa kwenye matumbawe, basi hata maji yake yana chokaa, tena na chumvi. Umeilisha sumu kila alfajiri kwa mikono yako, na kwa mapenzi.

Fanya hivi, na leo. Itoe kwenye hilo tuta. Osha mizizi. Itie kwenye chombo cha mbao au cha plastiki. Nakutumia magunia ya udongo wetu na majani yaliyooza. Maji yawe ya mvua peke yake, na kwenye debe la mvua utie siki kidogo, matone ya kuhesabika. Machicha ya kahawa pia yanaifaa.

Na kitu kimoja. Nilituma mitatu. Wewe waandika "yote miwili".

Mwanamkisi


Amu, 8 Oktoba 2023

Mwanamkisi,

Sisi wazima. Magunia yalifika. Sikujibu kwa kuwa nilikuwa na kazi.

Sikuwa na kazi. Nilikuwa na hasira.

Mimi nimechoma chokaa tangu sijaota ndevu. Chokaa imenilisha, imenioza mke, imemzika baba yetu kwenye kaburi lenye adabu. Chokaa huponya ukuta, hufukuza wadudu, husafisha choo. Sijaona kitu duniani kilichoharibiwa na chokaa. Na wewe na mtu wako wa ndoo mwaniambia ni sumu. Nikasema, nitawaonesha. Nikapaka chokaa mkono wa pili.

Sasa ujue. Wa kwanza ulikufa kabla ya Idi. Wa pili umekufa mwezi wa nane. Wa tatu ulibaki na majani ya kuhesabu, meupe kama karatasi hii.

Nikakaa nao asubuhi nzima. Kisha nikachukua nyundo na tindo, nikavunja tuta. Kazi ile ilikuwa nzuri, Mwanamkisi, ilikataa kuvunjika, nilitoka jasho. Umulkheir akaya mbio kutoka jikoni. "Bwana, wavunja nini?" Nikamwambia, "Navunja kazi nzuri." Akasema, "Basi ivunje pole pole, isikuangukie mguuni." Maisha yangu yote sijavunja kazi ya mkono wangu. Nilizovunja ni za mafundi wengine, na zilistahili.

Mbuni nimeutia kwenye pipa la plastiki la buluu lililokatwa. La buluu! Kiwandani mwangu! Mtanga ni ule wa magunia yako. Mai ni ya mvua, nayakinga kwa turubai, yasigusane na ukuta. Siki natia. Machicha nayachukua kwa Ridhwani kila magharibi, na wazee wa barazani wana neno kila nipitapo. "Famau, fundi wa mji, sasa walima kwenye pipa!" Mwingine asema, "Utavuna pipa." Nikawaambia, nyinyi tangu kuzaliwa mwanywa kahawa za watu, nyamazeni.

Jana limetoka jani moya. Jipya. La kijani kilichoiva, lang'aa kama limepakwa mafuta. Nimemwita Umulkheir, nimewaita jirani. Wamelitazama wakarudi kwao, hawana akili. Lakini wewe ujue kuwa Amu, nyumbani kwa Famau, kuna jani.

Famau


Kisii, 15 Januari 2024

Kaka Famau,

Heri zenu na afya zenu. Huku baridi imeniingia mifupani mwaka huu, lakini nakula na nalala. Hesbon ameniletea kikapu cha kahawa mbivu, nimeianika sebuleni.

Barua yako ya mwezi wa kumi nimeisoma mara nyingi. Imenifurahisha kuliko unavyojua. Sisemi zaidi, kitwa chako kitavimba kisipite mlangoni.

Sasa usikie la kufanya. Kaskazi hii, jua likiwa kali, usiubembeleze. Unyweshe maji kidogo tu, uone kiu. Utaona umenyong'onyea, usitie huruma. Mvua ya kwanza ya masika ikiupiga, utatoa maua. Meupe, kama asumini, na harufu yake hiyo hiyo. Hayakai, ukichelewa kuyatazama yamekwisha. Kila ua ni tunda. Usiyaguse.

Msalimu wifi.

Mwanamkisi


Amu, 5 Mei 2024

Mwanamkisi mdogo wangu, mtoto wa baba yangu,

Sote wazima ila nyumbani hatusemezani. Utajua kwa nini.

Nilifanya kama ulivyosema. Nikaunyima mai mpaka ukainama, nami nikageuza uso nisiuone. Masika ikaanguka kwa nguvu, baada ya Idi kidogo, siku ya Alhamisi naamka, mti wote mweupe. Mweupe! Kama umenyeshewa theluji hiyo isemwayo. Na harufu! Ilipanda ngazi ikaingia chumbani ikaniamsha. Wapita ndia walisimama mlangoni wakauliza, mwafukiza nini? Nikawajibu sifukizi kitu, ni kahawa yangu. Ridhwani aliya mwenyewe kutoka bandarini. Akaliweka dele lake la kahawa tini, akanusa mara ya pili.

Ijumaa nikaenda msikitini. Kurudi, mti ni kijani mtupu.

"Umulkheir! Maua yangu yako wapi?"

"Yako arusini," asema. Alikuwa yuwajifunga buibui. Kifuani ana kikuba kikubwa kama ngumi, kishada cha rehani, asumini, na katikati maua yangu ya kahawa! Na sinia zima amelitungia wanawake wengine.

"Umeuua mti wangu!"

"Bwana, maua yanukayo hivyo yameumbwa yafanywe nini? Yaozee mtini? Bibi arusi amenusa, amesema harufu hii haijapata kuingia Amu."

Nikaketi tini, kwenye sakafu. Mwanamke wa Amu ukimwonesha ua jeupe lenye harufu, na arusi i jirani, wamlaumu nini? Kosa ni langu, nilisema usiguse mti, sikusema usiguse maua.

Lakini nisikize. Lipo tawi la nyuma, lililoelekea ukutani, mkono wake mfupi haukufika. Hilo lina maua. Si mengi. Niambie, yatatosha?

Na jambo jingine. Mara ya kwanza ulisema mibuni iko nyuma ya jiko lako, waiona kila asubuhi. Sasa Hesbon ndiye akuletea kikapu. Kwani wewe wenda wapi? Mguu una nini?

Famau


Kisii, 10 Julai 2024

Kaka Famau,

Nimecheka mpaka paka akakimbia. Mwambie wifi nampenda, na semezaneni, nyumba isiyosemezana hata mti haupendi kukaa ndani yake.

Tawi moja laweza kutosha finjani, kama halikudondosha. Matunda yatakaa kijani miezi mingi utadhani yamelala. Usiyashike. Yataiva mwishoni mwa mwaka, mekundu kama midomo ya mtu aliyekula tambuu. Hapo ndipo uangalie ndege.

Swali lako la mguu nimelisoma. Huku viazi ni vingi mwaka huu.

Mwanamkisi


Amu, 19 Januari 2025

KWA MWANAMKISI, KUTOKA KWA FAMAU, MPANDA KAHAWA WA KWANZA WA AMU

(Na kama yuko mwingine aliyetangulia, na aye aseme.)

Salamu. Tu wazima wote, Umulkheir twasemezana sana, mpaka imezidi.

Umeiva.

Tawi la ukutani halikudondosha. Yalikaa kijani, nikayasemesha, yakakaa kijani, nikayatukana, yakakaa kijani. Kisha mwezi wa kumi na mbili moya likaona haya likawa jekundu, na wenziwe wakafuata. Kunguru wakapata habari kabla ya jirani. Wakaya ukutani wamejipanga kama wanangoja pilau. Nikavua chandarua cha kitanda changu nikauvika mti. Mbu wakanila mimi na Umulkheir, matunda yakalala salama. Asubuhi Umulkheir ana uso umevimba, yuwaniambia, "Mwambie Mwanamkisi nimelipa maua yake."

Nimeyachuma kwa mkono wangu. Nimeyamenya, nimeyaroweka kwa mai ya mvua, nimeyaanika yuu ya paa kwenye sinia, na mimi kando na fimbo. Yakauka. Nikayapeleka barazani kwenye kitambaa cheupe, nikayafungua mbele ya wote.

Ridhwani akayatia kiganjani, akayapima. Mtu huyu hupika kahawa tangu baba yake, hana haja ya mizani. Asema, "Hii ni finjani moja. Na matone ya ubishi."

"Mwaka juzi mlisema nitavuna nini?" nikawauliza. Wakatazamana. "Semeni, sisikii, mimi ni mzee."

Mmoya akasema, "Pipa."

"Haya, tazameni pipa langu."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na Ridhwani akainua dele lake, asema, "Bwana Famau, nipe nikaange, tuonje sote, tuandike tarehe." Hata mtu wa hoteli za Shela ametuma neno, wageni wake wataka kuona mti na kunywa. Nimemjibu mti waoneshwe, kunywa hapana. Hii ina mwenyewe.

Sikuikaanga, Mwanamkisi. Iko mbichi, kwenye kitambaa, ndani ya sanduku la mama. Haitaona moto mpaka ukae kiwandani usikie harufu yake ikikaangwa kwa pua yako.

Finjani moya kamili. Iliyozaliwa nyumba ile. Nimeshinda. Sema nimeshinda. Nataka uandike.

Famau


Kisii, 3 Februari 2025

Kaka yangu Famau,

Umeshinda. Nimeandika. Uiweke kwenye fremu.

Sasa na mimi niseme langu. Goti langu la kulia limekufa. Mibuni yangu iko nyuma ya jiko, ndiyo, lakini chini ya mteremko, na ule mteremko sijaushuka tangu mwaka ule ulioniomba miche. Mvua ikinyesha ni utelezi, jua likiwaka ni mawe. Nilikuwa nikikwambia siwezi kuiacha, na mimi nilikuwa siwezi hata kuifikia. Asubuhi nilikaa mlangoni nikatazama vilele vyake tu. Sikutaka ujue. Ungekuja kunichukua kama mzigo, na mimi sikutaka kubebwa. Nilitaka kuitwa mahali penye kitu changu.

Na nikwambie jingine, ufurahi mpaka uugue. Mimi sikungoja matunda. Nilianza kugawa vyombo siku niliyosoma kuwa umechukua nyundo ukavunja lile tuta. Nilisema, Famau avunja kazi yake mwenyewe kwa ajili yangu? Basi nimekwisha kushindwa, bado yeye tu hajajua. Nikakuacha uhangaike na kunguru kwa kuwa uliniudhi na lile jani la dhahabu.

Nyumba nimemwachia Hesbon na mkewe, na mibuni. Atanisindikiza mpaka Mombasa. Nitafika Amu kabla ya Ramadhan, siku za mwisho za Shaabani, pamoja na paka mwenye sikio bovu. Msinichinjie kitu. Niwekeeni kiti kando ya pipa.

Mdogo wako, Mwanamkisi


Amu, 11 Februari 2025

Mwanamkisi,

Barua hii naipeleka mbio Mokowe ikukute kabla hujafunga mzigo.

Nimesoma. Nimemsomea Umulkheir kwa sauti, ile ya mwanzo, "Umeshinda", mara tatu. Ile ya goti nimeisoma peke yangu. Hukuwa na haki ya kunificha, tutagombana ukifika, ujitayarishe. Kiti kipo, cha mikono, nimekipigilia mto. Kutoka mlango wa chumba chako mpaka penye mti hakuna ngazi hata moya, hakuna mteremko, sakafu nimeisugua isiteleze. Kutoka kitandani wauona. Nimelala pale mwenyewe nikahakikisha.

Mti umetoa majani mapya yuu, na tawi la ukutani lina vifundo vya maua. Umulkheir ameapa kutoyagusa, lakini ameniuliza kama mti wa pili waweza kupandwa, uwe wa arusi. Mwambie Hesbon alete miche Mombasa. Asilete mitatu. Alete sita.

Na neno la mwisho, unifanyie hisani moya nisiyokuomba tangu tuzaliwe. Ukishuka bandarini, utakuta wazee wote wamekaa, na Ridhwani na dele lake. Ndia ya nyumbani waijua hata ukifumba mato. Lakini usiye nyumbani moya kwa moya. Simama pale mbele yao, jifanye mgeni, uulize kwa sauti: "Jamani, nyumba yenye mbuni ni ipi?"

Uache wakujibu wao. Mimi nitakuwa kwenye kona ya kichochoro, nasikiza.

Famau